Gari Lililokunywa Chang'aa

Siku ya kuniaga, vijana wa gereji walinipa saa ya ukutani yenye fremu ya rangi ya dhahabu, kisha wakaniomba niandike machache kuhusu miaka yangu ya kazi, ili wanaoingia sasa wapate la kujifunza. Nilipofika nyumbani niliitundika saa, ikakataa kutembea. Niliifungua mezani nikakuta mmoja wenu ameweka betri kichwa chini. Kwa hiyo naona kweli mnahitaji kuandikiwa.

Habari za vyeo sitaandika. Fundi wa injini ndogo hana vyeo, ana kucha nyeusi tu, na hizo zimekataa kustaafu pamoja nami.

Nilianza Homa Bay mwanzoni mwa miaka ya tisini, kwenye karakana ya Mzee Ogutu, hatua chache kutoka ziwani. Tulitengeneza injini za boti, mashine za kusaga na pampu za maji. Nilikuwa msichana peke yangu mle ndani. Mama, aliyekuwa mjane kule Kendu Bay, alinikubalia kazi hiyo kwa sharti moja. "Hiyo ovaroli vaa siku sita," alisema. "Siku ya saba nikusikie uko kanisani. Ukipotea kanisani, hata hiyo spana nitaitupa ziwani." Sisi ni watu wa Sabato, na mama hakuwa mtu wa kutishia bure. Aliwahi kuitupa redio ya kaka yangu.

Siku ya kwanza Mzee Ogutu alinipa karai la mafuta ya taa na kabureta kumi na moja chafu, akaenda kunywa chai. Jioni alizitazama moja moja akiziinua kwenye mwanga, akanirudishia zote. Nilizirudia kesho yake, na ndipo nikajua kwamba kuosha kabureta ni kusafisha vile vitundu usivyoviona, maana vile unavyoviona havina shida.

Mzee Ogutu hakupenda neno "imeharibika". Mteja akisema injini imeharibika, alimjibu, "Kuharibika si ugonjwa. Niambie inafanya nini." Halafu alifuata mpangilio wake, na hakuruka hatua hata mara moja. Kwanza moto, pili mafuta, tatu hewa. Kwa mafuta alikuwa na chupa ya jamu, safi kuliko vikombe vyetu vya chai. Alimimina humo mafuta kidogo ya mteja, akaiweka dirishani, akasubiri. Wavuvi wengi walikuwa wakiendesha boti kwa petroli iliyochanganyika na maji ya ziwa, na chupa ile iliwaumbua wote.

Siku moja mvuvi wa kisiwa cha Takawiri alituletea injini iliyokuwa ikichemka. Mzee aliniachia. Nilifungua njia ya maji ya kupooza nikamtoa omena mmoja, dagaa wa ziwani, aliyekuwa amekwama humo, mkavu kabisa, nikamweka kwenye benchi. Mvuvi alimtazama omena, akanitazama mimi, akauliza, "Na huyo anabaki na nyinyi?" Nilimfungia kwenye kipande cha gazeti akaenda naye.

Baada ya miaka kadhaa Mzee alifungua karakana ya pili Migori, kwa sababu wachimba dhahabu walikuwa na pampu nyingi na hasira nyingi. Alinituma mimi. Huko nilipata chumba, kanisa, nafasi katika kwaya, na ile kazi ninayotaka kuwaelezeni, ambayo bado mafundi wenzangu hunicheka nayo.

Aliyeileta alikuwa Tobias, mtoto wa mwenye duka la jumla. Alikuwa amerudi kutoka ng'ambo na digrii, koti la ngozi lisilofaa kwa joto la Migori, na katoni. Ndani ya katoni mlikuwa na gari dogo la kuongozwa kwa redio, refu kama kiatu cha polisi. Nilidhani ni la betri. Alilipindua nikaona injini. Injini ya kweli, yenye pistoni, kabureta na ekzosi, nzima ikiingia kwenye kiganja changu. Nawaambieni ukweli, nililipenda gari lile papo hapo, na nikasahau pampu tatu zilizokuwa zikinisubiri.

"Imeharibika," Tobias akasema.

"Inafanya nini?"

"Haifanyi kitu, sister. Ndiyo nakuambia imeharibika."

Nilianza na moto. Nilifungua plagi, na hapo nikachanganyikiwa, maana haikuwa na mahali pa kushika waya. Haikuwa na nafasi ya kutoa cheche pia, ilikuwa na kiwaya kidogo tu kilichojikunja. Niliikodolea macho mpaka nikakumbuka injini za dizeli. Ile haikuwa plagi ya cheche, ilikuwa hita. Inapashwa moto na umeme mwanzoni, injini ikishashika, joto lake lenyewe linaiweka nyekundu. Nilifurahi sana kwa kugundua hivyo, nikaiunganisha na betri ya pikipiki. Iling'aa vizuri mno kwa muda mfupi, halafu haikung'aa tena. Kwenye katoni mlikuwa na nyingine moja. Hiyo niliiunganisha na betri moja ya tochi, lile jiwe kubwa, ikaiva rangi ya chungwa ikatulia. Vijana, hita ndogo inataka umeme mdogo. Andikeni mahali.

Baadaye kamba ya kuwashia injini ikakwama. Tobias alikuwa amevuta na kuvuta mpaka mafuta yakajaa juu ya pistoni, na mafuta hayabanwi kama hewa. Ukilazimisha utavunja kitu. Dawa yake ni kufungua hita, kupindua gari, na kuvuta kamba yamwagike. Nilimwambia Tobias asogee. Hakusogea, akainama aone vizuri, yakamrukia usoni yote. Alinawishwa na mama wa chai wa jirani, aliyemwambia kwamba wenye digrii wengine hufanya kazi ofisini.

Kisha nikashika sindano ya kabureta, ule msumari mdogo unaopimia mafuta. Ukifungua sana, moshi unajaa na gari linajikokota. Ukifunga sana, linalia kwa sauti nyembamba, linakimbia vizuri ajabu, halafu linajiua. Kupima joto nilidondosha tone la maji juu ya injini. Likikaa tu, imepoa mno. Likiruka na kupotea mara moja, imeungua. Likichemka kwa utulivu kisha likaisha, hapo ndipo penyewe. Siku ya tatu gari lilishika, likapita chini ya lori la miwa la Awendo, likatoka upande wa pili. Dereva wa lori aliteremka kuangalia kilichodondoka kwenye gari lake.

Furaha hiyo ilikatika mafuta yalipokwisha. Tobias alikuwa amekuja na kopo moja tu kutoka ng'ambo, na hakuna aliyeuza mafuta hayo kwetu. Alinisomea kopo: aina ya spiriti, dawa fulani ya kuongeza nguvu, na mafuta ya mbarika kwa kulainisha. Dawa ya nguvu tungeishi bila hiyo. Mafuta ya mbarika nilijua pa kuyapata, ni yale yale tuliyonyweshwa utotoni kusafisha tumbo. Nilikwenda duka la dawa nikaomba chupa sita.

"Pole, dada," muuzaji akaniambia kwa sauti ya chini. "Tumbo limefunga tangu lini?"

"Si langu. Ni ya gari."

Alinitazama kwa huruma. "Kula mapapai pia," akasema, akanifungia.

Ikabaki spiriti. Ile ya hospitali iliuzwa kwa vichupa vidogo na haikutosha kitu. Tobias ndiye aliyesema neno nililokuwa nikilikimbia kichwani. Chang'aa. Mimi pombe hiyo kali ya kienyeji sijawahi kuionja mpaka leo hii, na wakati ule, ukikamatwa nayo, askari wa chifu hawakusikiliza hadithi. Lakini gari lilikuwa limekaa pale kwenye benchi, zima, lisilo na kosa lolote ila njaa. Mnajua hali hiyo. Nilikwenda mtoni kwa Min Apiyo, mpishi mashuhuri wa pombe hiyo, nikiwa na chupa ya skwoshi ya machungwa ndani ya kikapu.

"Nataka ile kali, iliyopikwa mara mbili," nikamwambia. "Ni ya kutia kwa injini."

"Eee, nyar Kendu, binti wa Kendu," akanijibu akipepea moto. "Hata wazee huniambia ni ya kuoshea vidonda."

Alimwaga kijiko kimoja kwenye jiwe akawasha kiberiti. Iliwaka bluu, bila moshi, jiwe likabaki kavu. Nilichanganya na mafuta ya mbarika kwenye ile ile chupa ya skwoshi, vikashikana vizuri, rangi ya chai hafifu. Ijumaa mchana gari lilishika kwa mvuto wa pili. Lilizunguka uwanja wa gereji likiwakimbiza kuku, na moshi wake ulinuka kama matanga ya mtu tajiri. Watu walisimama barabarani wakivuta pumzi. Tobias aliimba.

Katika harufu hiyo ndipo alipoingia Shemasi Zakayo. Alikuwa anapita kunikumbusha mazoezi ya kwaya. Zakayo alikuwa mtu mzuri, fundi cherehani, mpole, aliyeacha pombe miaka mingi kabla sijafika Migori na aliyependa kutoa ushuhuda juu ya hilo. Aliinua chupa kutoka kwenye benchi, akafungua, akanusa. Alinusa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Dada Dorka. Hii ni nini?"

"Ni mafuta ya gari, shemasi."

"Gari gani?"

Nilimwonyesha. Lilikuwa limezima na kujificha chini ya benchi, likionekana kama kitu cha kuchezea mtoto.

"Nimesikitika," akasema, na nadhani alisikitika kweli. Aliitia chupa ndani ya mfuko wake pamoja na Biblia. "Hii itakaa kwangu mpaka baraza. Ni ushahidi."

Baraza la kanisa lingekaa Jumapili ya wiki iliyofuata. Katika siku hizo zote nilifanya kazi kama mgonjwa. Kwetu, mshiriki akikutwa na pombe huondolewa ushirika, jina linasomwa mbele ya kanisa zima, na habari kama hiyo ingefika Kendu Bay kabla yangu. Mama angeisikia sokoni, mbele ya watu. Tobias alijitolea kunitetea, lakini Migori nzima ilijua Tobias anakunywa nini na wapi, kwa hiyo nilimwomba asinitetee. Niliogopa. Usiku nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia mama na siyapati.

Jumapili ilipofika tulikusanyika kwenye chumba cha nyuma ya kanisa. Mwenyekiti alikuwa Mzee Gideoni, mwenye duka la misumari na mabati, mtu wa maneno machache ambaye hakuwahi kuipenda suruali yangu. Shemasi Zakayo aliiweka chupa mezani. Nilishangaa alivyokonda. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, na alikaa kwenye ukingo wa kiti, karibu na mlango. Mama mmoja wa kwaya alininong'oneza kwamba hata maombi ya Jumatano hakufika, tumbo lilikuwa linamsumbua.

Nilieleza mambo yote, kuanzia hita mpaka mbarika. Walinisikiliza jinsi mnavyomsikiliza mteja anayesema injini ilijizimia yenyewe.

"Dada," Mzee Gideoni akasema mwishowe, "wewe unasema hii ni mafuta ya gari. Basi tusibishane. Gari itembee."

Nilimwona Zakayo akishtuka. Nadhani alikuwa ametegemea chupa inuswe tu.

Tobias alikuwa nje na gari chini ya kwapa, amevaa suti. Tulitoka wote uwanjani. Nilijaza tangi, nikaunganisha jiwe la tochi, nikavuta kamba. Kimya. Nikavuta tena. Tobias alisimama na ile redio yake ya kuongozea gari, antena juu, kama mtu anayengoja habari kutoka mbali. Nilivuta mpaka mkono ukauma. Wanawake wa kwaya waliacha kunong'ona, jambo ambalo ni baya kuliko kunong'ona.

"Naomba ruhusa nitoke kidogo, tumbo hili," Zakayo akasema, maneno yakimgongana mdomoni. "Naja tu, jaduong', mzee wetu." Akatembea upesi kuelekea choo cha mabati nyuma ya ua.

Hapo nikafanya kitu pekee nilichojua kufanya nikikwama, nikarudi kwenye mpangilio wa Mzee Ogutu. Moto: nilifungua hita, nikaigusisha betri, ikaiva rangi ya chungwa mbele ya baraza. Nilitaka kurukia hewa, nikajikemea, maana mafuta ndiyo yanafuata. Nilivuta mpira wa tangi, mafuta yakapita. Yalipita, lakini yalikuwa na ukungu, meupe kama maji ya kuoshea mchele. Nikaomba glasi. Nilimimina kutoka kwenye chupa, nikaiweka juu ya ukuta mdogo wa maua, tukasubiri.

Shemasi alirudi, akaketi. Alipoona glasi aliinuka tena akaenda.

Ndani ya glasi mafuta ya mbarika yalijitenga, tone kwa tone, yakakaa peke yake. Kwenye chang'aa kali hayafanyi hivyo. Yanajitenga palipo na maji. Nilimwaga kidogo kwenye jiwe nikaomba kiberiti. Njiti iliingia ikafa kwa mlio mdogo. Njiti ya pili pia. Jiwe lilibaki limelowa.

"Ina maji," nikasema. "Ijumaa ile haikuwa na maji. Iliwaka."

"Chupa imejaa vile vile," mzee mmoja akasema. "Mimi shemasi alinionyesha Ijumaa ile ile. Ilifika hapo hapo kwa shingo."

"Ndiyo, imejaa," nikamjibu. "Imejazwa."

Mzee Gideoni aliitazama chupa, kisha glasi. Alikuwa muuza mabati, alijua mambo ya kupima. "Wiki hii yote chupa ilikuwa kwa nani?" akauliza.

Mlango wa choo cha mabati ulisikika ukifungwa.

"Dada Dorka," Mzee akaendelea, bila kugeuka kutazama kule. "Hayo mafuta ya mbarika. Ni yale ya tumbo?"

"Ni yale yale, jaduong'."

"Mtu akinywa, hata yakichanganywa na kitu kingine, bado yanafanya kazi?"

"Yanafanya."

"Siku ngapi?"

"Inategemea amerudia mara ngapi."

Alivua miwani, akaifuta kwa leso, akaifuta tena ilhali ilikuwa safi. Mabega yake yalikuwa yakitikisika kidogo. Tobias alifungua mdomo, nikamkanyaga kiatu. Sikutaka jina la mtu litajwe pale. Nilikuwa nimekaa na hofu hiyo wiki nzima, niliijua ladha yake, na Zakayo alikuwa na mke na watoto waliojivunia ushuhuda wake kila robo ya mwaka. Nadhani Mzee Gideoni aliliona jambo hilo kama mimi, maana alipovaa miwani uso wake ulikuwa umerudi kuwa wa mwenyekiti.

"Turudi ndani," akasema. "Mambo mengine tutakiachia choo."

Ndani, Zakayo alikuwa ameshafika, jasho likimtiririka, macho chini. Hakuwa amesikia hata neno moja la yale yaliyosemwa uwanjani, na hakuuliza. Mzee Gideoni aliomba kwa ufupi, kisha akatoa hoja, polepole, katibu apate kuandika: kwamba kilichokuwa ndani ya chupa kilitengenezwa kwa ajili ya gari, kwamba hakifai kunywewa na binadamu yeyote, na kwamba dada Dorka abaki katika ushirika kama alivyokuwa.

"Anayekubali ainue mkono."

Wazee walitazamana, kila mmoja akingoja mwenzake aanze, na mimi nilikuwa nimeshikilia kiti kwa mikono miwili nikimfikiria mama. Mkono wa kwanza kwenda juu ulikuwa wa Shemasi Zakayo. Aliuinua wote, mpaka kwapa likaonekana, na akaushikilia hapo. Katika chumba kile chote, ni yeye peke yake aliyekuwa na ushahidi wa kutosha.